Vikapu vya Pasaka vya Watoto Watatu kwa Dola 45: Kumbukumbu ya Mradi, 2025

Machi 8

Kwaresima imeanza Jumatano, na mimi nimeanza kuhesabu fedha. Tunaishi Saint Paul, Minnesota, na huku Pasaka ikikaribia maduka yanajaa vikapu vilivyokwisha kufungwa tayari: peremende, majani ya plastiki, na vitu vya kuchezea vinavyovunjika kabla ya Jumatatu. Watoto wanaviona shuleni na kwa marafiki, na sitaki wajihisi wametengwa. Ila nataka kikapu cha kwetu kiseme Yesu amefufuka, na kila kilichomo kiendelee kutumika.

Nimetenga dola 45, yaani dola 15 kwa kila mtoto. Wa kwanza ana miaka 11, wa pili 7, kitindamimba 4.

Vikapu vyenyewe tunavyo. Ni vya milulu, vilisukwa Iringa, tulikuja navyo, na kila mwaka tunavitumia vilevile. Hapo nimeokoa fedha nyingi kuliko penginepo pote.

Machi 16

Mama kapiga simu kutoka Moshi. Nilipomweleza mradi wangu akauliza, "Mwanangu, mbona Pasaka yenu huko imekuwa na zawadi kama Krismasi?"

Nikamwambia ninavyojua: habari ya sungura wa Pasaka waliileta Pennsylvania walowezi wa Kijerumani karne ya 18, watoto wakawa wanatengeneza viota ili wawekewe mayai, na baadaye viota vikawa vikapu. Mayai yana historia ndefu zaidi. Wakristo wengi wa Ulaya ya zamani hawakula mayai Kwaresima nzima, kwa hiyo Pasaka ilipofika yalikuwa tele nyumbani. Mama akanisikiliza, kisha akasema, "Sawa, lakini nguo ya sikukuu isikosekane." Ana haki. Sisi tulipokuwa wadogo Pasaka ilikuwa ibada ya alfajiri, pilau na gauni jipya. Nimeongeza soksi mpya kwenye orodha.

Machi 29

Kanuni niliyoifuata katika kununua ni hii: naanza na vitu ambavyo ningevinunua Mei au Juni kwa vyovyote vile. Ndala za kiangazi, chupa ya maji ya shule, kofia ya jua. Hizo ni fedha za matumizi ya kawaida, nimezitoa mapema tu.

Badala ya majani ya plastiki, kila kikapu kitatandikwa taulo dogo lililokunjwa kama kiota. Jioni ya Alhamisi Kuu tutasoma Yohana 13, Yesu anavyojifunga kitambaa kiunoni na kuwaosha wanafunzi miguu, halafu tutaoshana miguu humu ndani. Jumapili wataliona taulo kikapuni na watakumbuka bila mimi kuhubiri. Taulo hili nalipenda kuliko vitu vingine vyote nilivyonunua.

Pakiti za mbegu za alizeti, moja kwa kila mtoto, zinakwenda na Yohana 12:24, punje inayoanguka ardhini. Tochi ni ya kitindamimba, maana anaogopa giza, na Yohana 8:12 inamfaa. Mkubwa anapata Agano Jipya la Kiswahili, chapa ndogo ya kuingia mfukoni. Kiswahili anakisikia kila siku ila kukisoma bado kunamsumbua, na ninataka ajifunzie humo. Wa kati nimempatia kitabu cha picha cha hadithi za Biblia kutoka duka la mitumba, dola 2, kurasa zote zipo.

Miswaki nayo imo. Haina aya. Sioni haja ya kubandika aya kwenye mswaki. Mtoto anajua mara moja pale mzazi anapolazimisha.

Aprili 9

Leo tumefungua yai la kwanza. Ni mayai 12 ya plastiki, moja kila siku hadi asubuhi ya Pasaka, na ndani yake nimeweka vitu vya nyumbani vya kusimulia mateso na ufufuo wa Yesu: kipande cha jani la mtende, mkate mkavu, mwiba wa waridi, msumari, kipande cha kitambaa cheupe, kijiwe. Kwa vile vipande 30 vya fedha vya Yuda nimeweka sarafu tatu za senti kumi. Karafuu chache ni manukato ambayo wanawake waliyapeleka kaburini. La 12 ni tupu.

Aprili 12

Mayai ya kuku ni ghali kwa ajili ya mafua ya ndege. Takwimu zimetoka kwamba wastani wa dazeni moja kwa Machi ulikuwa dola 6.23. Tumepaka rangi mayai sita tu. Tumeyachemsha na maganda ya vitunguu na siki kidogo, yakatoka mekundu ya kahawia. Jirani yetu Mwethiopia aliyafurahia. Mwaka huu Waorthodoksi nao wanasherehekea tarehe 20 kama sisi, kwa hiyo amekaribishwa kwetu na sisi kwake.

Aprili 21

Jumla: dola 43 na senti kadhaa, pamoja na kifuko kidogo cha chokoleti kwa kila mmoja. Chokoleti siikatazi. Mfungo umekwisha, watoto wafurahi.

Yai tupu kitindamimba alilifungua mwenyewe, akapaza sauti, "Hayupo!" Nikashindwa kujizuia, nikalia. Mkubwa alisoma Luka 24 mbele yetu sote, polepole, hadi mstari wa 12.

Leo maduka yameshusha bei za bidhaa za Pasaka, nimechukua mayai ya plastiki ya mwakani. Alizeti tumezipanda kwenye vikopo dirishani, na nje hatutazitoa kabla ya katikati ya Mei maana baridi kali bado inaweza kurudi. Mwakani Pasaka ni Aprili 5, mapema zaidi, kwa hiyo orodha itabidi niianze Februari.