Mawe ya Koitoboss

Jumapili jioni. Magoti yananiuma, viatu viko barazani vimejazwa magazeti vikauke, na mke wangu amenikataza kuvisogeza karibu na jiko. Naandika kabla sijasahau, kwa sababu jana mlimani kilinyesha kitu ninachokijua tangu utotoni, na wenzangu wakakiita jina jingine.

Kikundi chetu cha kupanda milima kiko hapa Kisumu. Tuko watu ishirini na kitu: walimu, daktari wa meno, vijana wawili wa benki, na mwenyekiti anayependa filimbi kupita kiasi. Kwa kawaida tunazungukia karibu, vilima vya Riat, miteremko ya Nandi, mara mojamoja Menengai. Aprili hii tukasema twende Elgon. Waliojua mambo walituuliza kwa nini tumesubiri masika yaanze ndipo tupande. Mwenyekiti akasema basi limepatikana kwa bei nzuri, na mjadala ukaishia hapo.

Ijumaa tulilala Kitale. Alfajiri tulipopita Endebess trekta zilikuwa tayari mashambani, udongo umegeuzwa, watu wanapanda mahindi bila kuinua macho kutazama basi la watu waliovaa kofia za kupandia milima. Tukaingia lango la Chorlim, tukapita miti ya podo ambayo shina moja lingehitaji watu watatu kulikumbatia, na mbega wakaturukia juu ya barabara. Pango la Kitum, lile ambalo ndovu huingia gizani kukwangua ukuta kwa pembe zao ili walambe chumvi, tuliliacha. Nilisikitika. Mimi ningebaki pale siku nzima, lakini kikundi kikishasema kilele ni kilele.

Barabara ya gari inakwisha juu kidogo ya mita 3,500. Kutoka pale ni miguu. Kama kawaida nilikuwa mkiani, pamoja na afande mmoja wa wanyamapori aliyebeba bunduki kwa ajili ya nyati na aliyetembea kana kwamba anakwenda dukani kununua sukari. Mimi nilikuwa nahesabu hatua: thelathini, pumzika, thelathini. Huko juu miti imekwisha. Kuna nyasi za mafungu, lobelia, na ile mimea ya ajabu mirefu kama nguzo, kila mmoja umevishwa kabichi kichwani. Simu yangu ikalia: nimekaribishwa Uganda. Sikuwa nimevuka popote. Ni minara ya upande wa pili tu, ng'ambo ya shimo kubwa la volkeno hiyo iliyozimika zamani. Wagagai, kilele cha juu kabisa cha Elgon, kiko huko kwao, mita 4,321. Sisi tulikuwa tunakwenda Koitoboss, mita 4,222, jiwe kubwa lenye kichwa bapa kama meza.

Hatukulifikia. Kabla ya saa saba mawingu yalipanda kutoka chini, ngurumo ikapiga mahali ambapo haikuwa mbali, na afande akasema, "Hakuna anayepanda tena. Njooni chini ya mwamba." Mmoja wa vijana wa benki akaanza kubishana kwamba zimebaki dakika arobaini tu. Afande hakumjibu. Aliendelea kuteremka, nasi tukamfuata.

Halafu ikaanza. Kwanza punje mojamoja zikirukaruka kwenye majani, kisha sauti ya gunia la maharagwe likimwagwa kwenye sinia. Robo saa nzima. Iliponyamaza, mlima wote ulikuwa mweupe, njia haionekani, na ile mimea ya kabichi imeshika punje katikati kama bakuli. "Theluji!" akapiga kelele daktari wa meno, mtu mzima wa miaka hamsini, akatoka mbio. Wakarushiana, wakapiga picha, wakalala chali. Mwenyekiti akapuliza filimbi, sijui kwa nini.

"Hiyo si theluji," afande akaniambia polepole. "Ni mawe."

Nilijua ni mawe. Nimezaliwa Kericho. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati, na mama ana chai yake kidogo, chini ya ekari moja, mpaka leo. Alasiri upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda huko, hukutana na ule wa mashariki, mawingu yakarundikana kama moshi wa tanuri. Wageni husifu kijani kile. Hawajui sauti. Mawe yakianza kupiga bati hamsikilizani ndani ya nyumba, kwa hiyo hakuna anayesema kitu. Mnamtazama mama, na mama anatazama mlango. Yakiisha anatoka na gamubuti, anainama kwenye mstari wa kwanza wa michai, anageuza jani. Chai huchumwa majani mawili na chipukizi. Mawe hayo huchana hasa hivyo vilaini vya juu, kisha unakaa wiki kadhaa ukingoja vingine vichipue, na karani wa kituo cha kununulia chai hapimi machozi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 makampuni ya chai yalifikia kukodi ndege zinyunyizie mawingu kemikali ili mawe yasikomae. Na mwaka 1982 watafiti waliandika jambo ambalo mama alicheka nilipomsimulia: kwamba vumbi la majani makavu ya chai, linalotibuliwa na wachumaji wakipita, linaweza kupanda hewani na kuwa chembe ambazo barafu huanzia kujijenga. "Kwa hiyo tunajipiga wenyewe," alisema.

Basi nilisimama chini ya mwamba na punje moja kiganjani, nikiitazama inavyoyeyuka, katikati nyeupe kama jicho la samaki aliyepikwa. Daktari akanirushia donge begani. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Pale juu hapakuwa na shamba la mtu. Nikachota mkono mzima nikamrudishia. Nilimkosa, nikampata mwenyekiti.

Kuteremka kulikuwa utelezi mtupu, sina la kusifu. Nilianguka mara tatu. Chai ya mama mmoja wa hoteli ndogo Endebess, yenye tangawizi, ndiyo iliyoniokoa.

Usiku, basi likiwa Webuye, nilimpigia mama.

"Mama, leo tulipigwa na mawe mlimani."

Kimya kidogo. "Ya ukubwa gani?"

Hilo ndilo swali la kwao. Kwetu mawe hupimwa: mbaazi, maharagwe, mahindi ya kuchemsha, na ule mwaka wa mayai ya kware ambao hautajwi mezani.

"Kama maharagwe."

"Yale mekundu au yale madogo ya kijani?"

Nikafikiri. "Ya kijani."

"Ah," akasema, "hayo si kitu," na akaanza kunieleza habari za ng'ombe aliyezaa Alhamisi.