Nitrojeni ya ugali wa Nairobi

Kabla ya kubishana kilimo hai au mbolea ya dukani, tupige hesabu. Ekari ikitoa magunia 20 ya mahindi ya kilo 90, punje hizo zinaondoka na takriban kilo 27 za nitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani na punje. Zinapandishwa lori, zinafika Nairobi, zinaliwa ugali, wala hazirudi shambani.

Magunia mawili ya CAN (mbolea ya kukuzia), kilo 50 kila moja, yana kilo 26 za nitrojeni. Samadi ya ng'ombe iliyokauka ina kama asilimia 1, kwa hiyo unahitaji tani 2.7, na msimu wa kwanza mimea hupata theluthi hadi nusu tu ya nitrojeni hiyo. Hiyo ni samadi iliyofunikwa. Ikiachwa wazi, nitrojeni hupaa (ndiyo ile harufu inayowasha pua) na nyingine huoshwa na mvua. Wanaosema "tumia samadi tu" huwa hawasemi ni ya ng'ombe wangapi. Sri Lanka ilipiga marufuku mbolea za kemikali kutoka nje mwaka 2021, mavuno ya mpunga yakaanguka, na marufuku ikalegezwa kabla ya mwaka kwisha.

Anayeweka DAP (mbolea ya kupandia yenye nitrojeni na fosforasi) peke yake kila msimu naye anajichimbia shimo, kwa kuwa DAP huongeza asidi. pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imepanda) ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi uliyoilipia hunaswa na udongo mwekundu. Utaona mahindi machanga yana majani ya zambarau, dalili ya kukosa fosforasi, ilhali mbolea uliweka. Pima udongo, kisha changanya chokaa ya kilimo na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Ukiinyunyiza juu juu, haifiki kwenye mizizi.

Mimi ningechanganya. Nafasi ya sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, ni mashimo kama 10,800 kwa ekari. Kila shimo gramu 5 za DAP, karibu kifuniko kimoja cha soda, na konzi ndogo ya samadi iliyoiva, gramu 125 hivi. Fukia kwa udongo kwanza ndipo uweke mbegu, maana ikigusa DAP huungua. Mahindi yakifika magotini na udongo una unyevu, weka gunia moja la CAN. DAP imeleta karibu kilo 10 za nitrojeni, CAN 13, na samadi inajazia zilizobaki.

Nitrojeni nyingine imelala Marikiti, soko la mboga la Nairobi, kwenye majani ya kabeji na maganda yanayopakiwa kwenda jaa la taka la Dandora. Rundo la mboji liwe mita 1.5 kila upande, takataka kavu (kama majani makavu) sehemu tatu kwa mbichi moja, lipinduliwe kila wiki mbili. Likinuka mayai yaliyooza, limekosa hewa. Likinuka amonia, ongeza makavu. Likibaki baridi, ni dogo mno au limekauka. Kinachoua mpango huu ni vioo na vipande vya plastiki. Uchambuzi ufanyike sokoni, kabla taka haijapanda lori.