Mshono wa inchi nne

Nimetoka karakanani usiku huu vidole bado vinanuka gundi na nimeona niandike leo leo, manake kesho nitakuwa nishapoa na sitaki kupoa kwa hili.

Mchana ilikuja Bentayga, ile SUV ya Bentley. Hapa Majengo, Mombasa, kwa baba, kwenye banda la kushona viti ambalo wateja wake ni matatu, tuktuk, Probox na mara moja moja Prado ya mtu wa Nyali. Kijani imekolea mpaka kivulini ikaonekana nyeusi, na barabara yetu ilivyo nyembamba hamali na mkokoteni wake ikabidi arudi kinyumenyume ndipo ikapita.

"Assalam aleikum mzee, nimeelekezwa kwako," dereva akasema. Kiti cha nyuma, chuma cha mkanda wa sanduku kilinasa wakati wa kushusha mizigo kikafumua mshono kama inchi nne hivi.

Baba hakuuliza gari ya nani. Alivua viatu, akaingia kwa magoti, akapitisha kidole gumba juu ya ule mshono polepole akiwa anahesabu kimoyomoyo. "Saba," akasema. "Kila inchi matundu saba. Hawajakosea popote."

Mie magari haya nayapenda, niseme wazi. Wengi wakiongea juu ya SUV za bei hizi huanza na injini, mie huanza na kiti kwa sababu ndipo nilipokulia. Rolls-Royce na Bentley hutumia ngozi ya fahali, si ya jike, manake jike akishika mimba ngozi hutanuka ikabaki na michirizi, na hao fahali wanatoka sehemu za baridi za Ulaya ambako wadudu wa kuitoboa ngozi ni wachache. Baba nilipomsomea hilo miaka iliyopita alinyamaza kidogo, halafu akasema basi hao watu wanaijua kazi.

Na usanifu mzuri upo, tusidanganyane. Bibi yangu ana miaka themanini na ushee, akipandishwa Prado ya mjomba kwenda harusini inabidi watu wawili, mmoja anavuta juu mwengine anasukuma chini, buibui linakanyagwa, na yeye anaona haya mbele za watu. Sasa Cullinan, SUV ya Rolls-Royce, ukiifungua inajishusha yenyewe milimita 40, mlango wa nyuma bawaba zake ziko nyuma, mtu anaingia bila kujikunja, anakaa, anabonyeza kitufe mlango unajifunga. Kuna mtu alikaa akamfikiria mzee anayepanda gari. Hicho kwangu ni kitu cha kulipia na sitamcheka anayelipa.

Ila sura ya nje hapana, wallahi hapana. Ile grili ya Rolls-Royce iliyosimama kama nguzo za hekalu inapendeza kwenye Phantom kwa sababu boneti ni ndefu na gari imelala chini, ukiipandisha kwenye mwili mrefu wa Cullinan inakuwa ukuta unaokuja. Bentley nao walipoonyesha gari yao ya majaribio kule Geneva mwaka 2012 watu waliisema vibaya sana mpaka wakarudi kuichora upya, na hiyo Bentayga iliyotoka 2015 ni nafuu kweli lakini ukiitazama kwa mbele bado naona uso wa gari ya chini umebandikwa mahali pa juu. Urus ya Lamborghini ndio usiseme, mikunjo kila mahali, jicho halipati pa kutua.

Halafu nakumbuka Range Rover ya kwanza, ya 1970. Milango miwili tu ya abiria, mistari iliyonyooka, sakafu unaimwagia maji ya mpira ukaisafisha matope, bei yake Uingereza haikufika pauni 2,000. Haikuchorwa imtishe mtu. Na gari hiyo hiyo ikaenda kuonyeshwa jumba la makumbusho la Louvre, Paris, kama mfano wa usanifu mzuri. Hapa Mji wa Kale tunalijua jambo hili siku zote, nyumba kuta zake chokaa tupu, nakshi zote zimekusanywa mlangoni pale mgeni anapoweka mkono. Gari ya pesa nyingi ingefuata hivyo ningenyamaza.

Bei sasa. Bentayga ilipotoka Marekani ilianzia kama dola 229,000, Cullinan mwaka 2018 ikaanzia kama 325,000. Uti wa chini wa Bentayga ni wa familia moja na Audi Q7, Porsche Cayenne, Volkswagen Touareg na hata hiyo Urus, kwa hiyo unapolipa zile pesa nyingi za ziada hulipii chuma cha chini, unalipia mikono ya watu wa Crewe, kiwandani kwa Bentley kule Uingereza, na nembo, na hapo ndipo swali langu lilipo, mkono ni kiasi gani na nembo ni kiasi gani? Kulikuwa na saa ya Breitling ya dashbodi, ya dhahabu, unaagiza ukitaka, zaidi ya dola 150,000 saa peke yake. Mie siwezi kuiita hiyo kazi ya gari.

Kaka yangu yuko kliaringi, kazi ya kutoa mizigo bandarini pale Kilindini, akanipigia hesabu. Ushuru wa forodha asilimia 35, juu yake ekisaizi, yaani ushuru wa bidhaa, asilimia 35 kwa injini ya petroli iliyozidi 3,000cc, juu ya yote hayo VAT asilimia 16, kila moja inapanda mgongoni mwa mwenzake. Gari iliyothaminiwa shilingi milioni 10 inatoka getini kama milioni 21, na hapo hujatia vitozo vidogo vidogo.

Baba alinituma Biashara Street kutafuta uzi. Maduka matatu, nikarudi na rangi nne za krimu, akazilaza kwenye kiti moja moja, akazikataa mbili, akaenda kuzitazama zilizobaki nje juani. Halafu akashona kwa mkono, sindano ya kupinda, akipita kwenye matundu yale yale ya mwanzo bila kutoboa jipya hata moja. Ilimchukua saa tatu na nusu. Feni tulizima ili uzi usipeperuke, jasho linamtoka kwenye nyusi anapangusa kwa bega ili lisidondoke kwenye ngozi. Alipomaliza nikashika na simu yenye tochi nikatafuta alipoanzia, sikupaona, na mie nimelelewa kwenye banda hili.

Dereva akauliza, "Ngapi mzee?"

Baba akasema elfu tatu na mia tano.

Nikahisi kitu kooni. Elfu tatu na mia tano ndiyo bei ya kava za viti viwili vya tuktuk. Dereva alitoa elfu nne, akasema chenji aache, akashukuru kwa adabu akaondoka, sina ubaya naye. Ila tulipokuwa tunafagia nimemuuliza baba mbona vile, akasema, "Inchi nne tu mwanangu, nimtoze nini?"

Nimemwambia ikija nyengine kama ile, bei nitaitaja mie.