Kibaraza cha nje: patana na fundi kuhusu kilicho chini ya tofali

Fundi akija kutazama uwanja, swali la kwanza anaulizwa ni "mita ya mraba shilingi ngapi?" Atakutajia bei palepale. Ila bei hiyo haisemi atachimba kina gani, atashindilia nini, wala maji ya mvua yataelekea wapi. Mafundi wawili wanaweza kutaja bei ileile, mmoja akachimba sentimita 20, mwenzake akakwangua nyasi, akamwaga mchanga na kupanga pevingi (tofali za zege za sakafu ya nje) juu yake. Siku ya kukabidhi, kazi zote mbili zinang'aa. Masika ikipita, moja ina mabonde yanayotuama maji.

Kabla ya kumwita fundi, toa meza na viti nje, vipange kama siku ya wageni, kisha zungushia majivu. Meza ya watu sita yenye mita 1.8 kwa 0.9 inataka eneo la mita 3.6 kwa 2.7, vinginevyo anayesogeza kiti nyuma anaangukia kwenye maua. Watu hukadiria kwa macho na karibu kila mara wanakadiria padogo.

Kwa Dar es Salaam na pwani kwa jumla, tazama pia upepo. Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Ukiweka jiko la nyama choma upande wa magharibi wa kibaraza, moshi unawakimbia wageni katika misimu yote miwili. Huko huko ndiko jua la jioni linakochoma, kwa hiyo hutajutia kuliachia jiko sehemu hiyo. Mti nao usipandwe ukingoni: mizizi ya mwembe inainua pevingi bila kuuliza. Na ukikuta mfuniko wa chemba ya maji machafu katikati ya eneo, upandishwe ufike usawa wa sakafu mpya. Usizikwe. Siku chemba ikiziba utavunja kazi yako mwenyewe.

Sasa maji, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Sakafu ya nje iwe chini ya sakafu ya ndani kwa angalau sentimita 15, na ibaki chini ya DPC ya nyumba (tabaka la ukutani linalozuia unyevu usipande), la sivyo unyevu unapanda ukutani na rangi inaanza kubanduka. Kisha iteremke kutoka ukutani sentimita 2 kwa kila mita: kibaraza cha upana wa mita 4 kinashuka sentimita 8. Fundi mzuri atatoa mpira wa maji wa kupimia usawa, avute uzi kwa vigingi na kukuonyesha tofauti hiyo kabla jembe halijagusa ardhi. Anayesema "nitaangalia kwa macho", mshukuru na umsindikize getini.

Tuchukue mita za mraba 20 za pevingi. Tofali za unene wa sentimita 6 zinatosha kwa watu na gari dogo. Malori yakipita weka za 8. Kwa tofali za sentimita 20 kwa 10, mita moja ya mraba inakula 50, kwa hiyo unahitaji 1,000, na 50 za ziada kwa zinazokatwa na kuvunjika. Chini yake mchanga sentimita 3, na chini ya mchanga kifusi kizuri au vumbi la mawe sentimita 12. Jumla unachimba 21. Kifusi kikishashindiliwa ni mita za ujazo 2.4, lakini kinapokuja kimelegea, agiza 3. Kimwagwe kwa matabaka mawili, kila moja limwagiwe maji kidogo na kupigwa na mashine ya kushindilia. Kigogo cha kushindilia kwa mkono kinafaa pembeni tu, kwa eneo zima mkono unachoka na katikati panabaki laini. Mahali penye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, ongeza kina hadi 30 au zaidi na ujaze kifusi, maana huo hautulii.

Pembeni lazima kuwe na ukingo wa zege uliojengwa imara. Hapo ndipo wengi wanabana pesa, na hapo ndipo pevingi zinapoanza kutawanyika: mchanga wa chini unakimbia pembeni, mistari inafunguka. Tofali zikishapangwa, fagia mchanga mkavu na laini kwenye nafasi, piga mashine, fagia tena.

Tofali zenyewe uliza zilifyatuliwa lini. Zege linahesabiwa kukomaa siku 28, na zilizo chini ya wiki mbili usizipakie. Gonganisha mbili: zikilia kama chuma ziko sawa, zikitoa sauti butu zirudishe. Kwaruza kwa msumari pia, unga usitoke.

Ukipenda sakafu ya zege, unene ni sentimita 10, uwiano 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Mita 20 za mraba ni zege la ujazo wa mita 2, yaani mifuko 13 ya saruji ya kilo 50. Mfuko mmoja unaenda na mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo saba, na maji ndoo moja na robo hivi, pungufu mchanga ukiwa na unyevu. Vibarua hupenda zege kama uji kwa sababu linateleza kwenye toroli. Litapasuka. Kata viungo (mistari ya kuligawa zege) kila mita 3 na limwagiwe maji siku saba mfululizo. Mchanga wa baharini usikubali hata ukija kwa bei ya bure: una chumvi, na chumvi inakula nondo.

Mchanga na kokoto vikija kwa lori, pima bodi kwa futi kabla halijamwaga. Mchanga wenye unyevu unavimba, karibu robo au zaidi, kwa hiyo tripu inaonekana imejaa kumbe mchanga wenyewe ni pungufu.

Kwa mkataba, nunua vifaa mwenyewe, ufundi ulipe kwa hatua: kidogo ya kuanzia, sehemu kubwa baada ya kuona kifusi kimeshindiliwa na ukakipima kabla ya mchanga kumwagwa, na asilimia 15 hadi 20 ibaki. Andika vipimo vyote, si bei tu. Kazi zake za zamani, omba iliyopitiwa na masika mbili. Ile ya mwezi jana haikuambii kitu.

Siku ya kukabidhi, mwaga ndoo tano za maji kwa mkupuo karibu na ukuta. Baada ya robo saa, tembea ukitafuta madimbwi na uyazungushie chaki. Fundi arekebishe hayo, ndipo achukue salio.