Usiku wa Ijumaa ni upi?

Haya jamani, nimepotea humu kitambo, leo nimerudi na hasira za saa. Sio saa ya mkononi, saa yenyewe, muda.

Mdogo wangu wa mwisho alikua anaomba kazi, zile za kujaza fomu kwenye mtandao na kupandisha vyeti, na tangazo likasema dirisha linafungwa Ijumaa 12:00 AM. Sasa mi ndo dada mtu, ndo niliyesoma, nikaangalia nikamwambia tulia we, Ijumaa yote ni yetu mpaka saa sita usiku. Alhamisi jioni tuko kwa bibi Ujiji tunakula ugali wa muhogo na mgebuka, bibi katusikia tunaongea akauliza, "Hiyo saa sita ya usiku wa Ijumaa si ndo leo hii?" Tukacheka. Nikamwambia bibi leo Alhamisi. Akasema haya, akachukua msahafu wake akakaa kwenye mkeka kusoma Yasini kama kawaida yake, na sie tukaondoka, cheti kimoja cha dogo kilikua bado hakijaskaniwa tukasema asubuhi tutapita steshenari pale Mwanga.

Asubuhi saa nne tunafungua, limefungwa. Nikapiga namba ya msaada nikiwa na maneno yangu mdomoni, dada wa watu akanijibu kwa upole kabisa kwamba 12 AM ni mwanzo wa siku, kwahiyo lilifungwa usiku wa jana. Dogo hakunisema kitu. Afadhali angenisema.

Basi nikaanza kusoma kuhusu hii kitu maana nilitaka nijue kama mi ndo mjinga peke yangu. Kumbe wala. AM na PM ni Kilatini, ante meridiem na post meridiem, kabla ya adhuhuri na baada ya adhuhuri. Sa jiulize, saa sita kamili mchana ni kabla au baada ya adhuhuri? Si ndo yenyewe! Na saa sita usiku iko masaa 12 baada ya adhuhuri ya jana na masaa 12 kabla ya adhuhuri ya leo, ukiiita AM sawa ukiiita PM sawa. Simu zetu zimeamua 12:00 AM ni usiku kwa sababu ikipita dakika moja tu inakua 12:01 AM, ambayo haina ubishi ni kabla ya adhuhuri, ili isiwe inabadilika herufi katikati ya dakika. Inaeleweka. Ila Wamarekani wenyewe, kitabu cha serikali yao cha kanuni za uchapaji, toleo la mwaka 2000 lilisema mchana ndo 12 AM na usiku ndo 12 PM, afu toleo la 2008 likageuza. Yaani wenye lugha yao walikua wanaviringishana na mie niko Kigoma nategemewa nijue! Taasisi yao ya vipimo, NIST, inashauri watu waachane na hizo herufi kwenye 12, waandike mchana au usiku, na ndo maana mikataba ya bima mingi inaanza 12:01 au kuisha 11:59, wameogopa kesi.

Sie Waswahili hapo hatuna shida, saa sita mchana, saa sita usiku, imeisha. Shida yetu ni ile 12 yenyewe tukiiona imeandikwa, maana kwetu 12 ni alfajiri au magharibi. Binamu yangu aliyekulia nje alikatiwa tiketi ya basi la Tabora imeandikwa 12:00, akatia timu stendi saa sita mchana na dumu lake la mawese, basi liko Kaliua huko. (Na hapo sijagusa wanaofanya biashara na Kalemie na Bujumbura, ambako saa iko nyuma yetu lisaa limoja, wale kila miadi lazima uulize ya huku au ya ng'ambo.)

Ila kilichonimaliza ni hiki. Ijumaa hiyohiyo, ilikua mwanzoni mwa mwezi wa tatu, natoka Mwanga nimenuna nikapita kwa mjomba, ni mwadhini. Shikamoo mjomba, marahaba, nikamhadithia. Simu yangu inasoma saa sita na dakika kama ishirini, PM hiyo. Akanitoa nje, akanionyesha kivuli changu, bado kirefu kidogo, kimelalia magharibi. Akasema jua halijapinda, adhuhuri haijaingia, subiri saa saba. Na kweli, ilikua saa saba na dakika kama kumi hivi ndo kivuli kimeisha chini ya miguu kabisa, dakika chache jua likapinda, akaenda kuadhini.

Sababu ni kwamba Tanzania nzima tunatumia saa ya mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao wala haupiti kwetu, uko Somalia huko, na sie mwisho wa reli tuko kwenye nyuzi 30 kasoro. Nyuzi 15 ni lisaa limoja. Dar wao wanachelewa dakika ishirini na kitu, Tabora kama dakika hamsini, sie lisaa zima. Kwahiyo hiyo "baada ya adhuhuri" ya kwenye simu, Kigoma inaanza kabla ya adhuhuri, karibu lisaa linasema uongo kila siku, na hakuna anayelalamika.

Jioni nikaenda kwa bibi kumuomba radhi. Maana nilishaelewa kumbe yeye ndo alikua sawa, kwake siku inaisha magharibi jua likizama, Alhamisi usiku ni usiku wa Ijumaa toka enzi na enzi, ndo maana alikua anasoma Yasini mbele yetu na sie tunamcheka. Redio nayo kila siku inasema "usiku wa kuamkia Ijumaa" na tunasikia, afu tunaenda kuishiwa akili kwenye AM.

Dogo kapata tangazo lingine juzi. Hili limeandika mwisho Jumanne 11:59 PM. Nikampelekea bibi kwanza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na hiyo dakika moja iliyobaki wameipeleka wapi?"

Tumetuma Jumapili.