Hoagie Huanzia kwenye Mkate

Jumapili, jioni.

Watu wakizungumzia hoagie, sandwichi ya Philadelphia nchini Marekani, huanza na nyama: salami gani, jibini lipi, gramu ngapi. Naona wameanzia mkiani. Kusini mwa Philadelphia hesabu ya siku hufanywa kwa mkate. Yapo maduka ambayo mkate wa asubuhi ukiisha saa nane mchana, mlango unafungwa hata kama friji bado imejaa nyama. Mgeni hushangaa, mwenyeji anajua kuwa kesho inabidi awahi.

Kwa asiyeijua, hoagie ni mkate mrefu wa sentimita 25 hadi 30, uliopasuliwa ubavuni bila kutenganishwa, ukajazwa nyama za Kiitaliano zilizokaushwa kwa chumvi, jibini la provolone, saladi, nyanya, kitunguu, mafuta, siki na oregano, jani la kiungo. Huliwa baridi. Mwaka 1992 meya Ed Rendell aliitangaza kuwa sandwichi rasmi ya jiji, ingawa wenye maduka hawakuwa wakimsubiri meya.

Jina lake lina hadithi nyingi kuliko ushahidi. Inayopendwa zaidi inalihusisha na Hog Island, karakana ya meli ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mahali palipo uwanja wa ndege wa Philadelphia leo. Inasemwa kwamba vibarua Waitaliano walikuwa wakienda kazini na mikate ya namna hii. Ni hadithi tamu, lakini karakana ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na jina linaonekana kwenye maandishi miaka mingi baadaye. Mimi naiacha hapo.

Turudi kwenye mkate. Unaotakiwa una ganda jembamba linalovunjika kwa sauti ndogo, na ndani pana uvutano kidogo. Ganda likiwa gumu mno, unauma mbele na vilivyomo vinatokea nyuma. Likiwa laini mno, mafuta na maji ya nyanya yanaushinda mkate kabla hujamaliza nusu. Sarcone's, tanuri la familia lililopo Mtaa wa 9 tangu 1918, limejengea jina mkate wa aina hii uliopakwa ufuta. Ule ufuta hautiwi kwa urembo. Ukiokwa hutoa harufu ya karanga ambayo siki haiwezi kuifunika.

Nyumbani, kwa mikate minne: unga wa ngano gramu 500, maji 310, chumvi 10, sukari 10, mafuta 15 na hamira kavu 5. Chagua unga wenye nguvu wa mikate; wa keki utakuangusha. Kanda dakika 10, acha donge liumuke hadi liwe mara mbili, kisha ligawe vipande vya kama gramu 210. Kila kipande kibonyeze, kikunje kwa kubana mshono, kisha kisukume hadi sentimita 28. Lowesha mgongo wake, uugeuzie kwenye ufuta, uuache tena dakika 40. Chana mstari mmoja wa urefu, oka kwa nyuzi 220 dakika 18 hadi 20. Dakika nane za mwanzo weka trei ya maji yanayochemka ndani ya tanuri, chini ya mikate, kisha itoe. Mvuke huiacha ngozi ya mkate ivutike ili utanuke, na ukishaondoka ndipo ganda linapokauka.

Kwa jiko la Dar es Salaam au Mombasa, ambako joto la chumba linafika nyuzi 30, punguza hamira hadi gramu 3 na utumie maji ya friji. Usipofanya hivyo donge hukimbia, linaumuka upesi na kunywea, na mkate unatoka na harufu ya pombe. Kosa jingine ni tanuri lisilopata moto wa kutosha: mkate hukauka kabla haujapata rangi, ganda likawa nene kama gome. Na usiukate ungali moto, wala usiuweke kwenye mfuko wa plastiki, maana mvuke ukijifungia humo ganda hugeuka ngozi. Karatasi inatosha.

Sasa mpangilio, jambo ambalo wengi hulidharau. Jibini hutangulia, tena liguse mkate pande zote mbili. Mafuta ya jibini ni kama koti la mvua: yanazuia unyevu usifike kwenye mkate. Gramu 50 hadi 60 zinatosha, na provolone iliyokomaa, ile kali, ina faida kuliko changa isiyo na ladha ya maana.

Nyama hufuata, gramu 120 hadi 150: kapikola (shingo ya nguruwe iliyokaushwa), salami ya Genoa, pengine mortadella (soseji nene laini) au proshuto (paja la nguruwe lililokaushwa). Uzito huo si mkubwa, na ndivyo inavyotakiwa. Nyama ikatwe nyembamba karibu ipitishe mwanga, kisha idondoshwe kwa mikunjo kama kanga iliyotupwa kitandani. Ukiibandika kipande juu ya kipande inakuwa ubao. Na ikiwa nene, jino halikati. Unavuta kipande kizima, na nyanya zinakufuata hadi kwenye shati. Anayenunua nyama iliyokwisha kufungwa dukani ataiona shida hii mara moja, kwa sababu kwa kawaida hukatwa nene kuliko ile ya mashine ya kaunta.

Kwenye mboga, maji ndiyo adui. Nyanya zikatwe nusu sentimita, zinyunyizwe chumvi kidogo na kulazwa dakika 10 juu ya karatasi ya jikoni. Saladi ikatwe nyembamba kama mchicha wa kupika, lakini dakika ya mwisho, na iwe imekaushwa kabisa. Jani lenye maji halishiki mafuta. Kitunguu kiwe chembamba mno. Kikiwa kikali, kioshe kwa chumvi kama cha kachumbari, lakini kikamue hasa.

Mafuta ya zeituni kijiko kikubwa kimoja, siki nyekundu ya zabibu kijiko kidogo kimoja na nusu, vyote vimwagwe juu ya mboga. Siki ikigusa mkate moja kwa moja, pale pale panakuwa uji. Oregano iliyokaushwa isuguliwe viganjani kwanza ili iamke. Mayonezi? Kwenye hoagie ya bata mzinga, sawa. Kwenye ile ya Kiitaliano inafunika kila kitu ulichokilipia. Funga kwa karatasi ukikaza, subiri dakika 10 vikubaliane, kisha kata katikati kwa kisu cha meno. Ukipitisha saa moja, ganda limekwisha.

Ukitoka Philadelphia jina linabadilika: New York ni hero, New England ni grinder, ambayo mara nyingi hupitishwa kwenye tanuri, na kwingi ni sub, kifupi cha submarine, kwa kufanana na nyambizi. Lakini tofauti ya kweli iko kwenye mkate. New Orleans wana po' boy, jina linalosimuliwa kutoka kwenye mgomo wa wafanyakazi wa tramu wa 1929, pale ndugu Bennie na Clovis Martin, waliokuwa wafanyakazi wa tramu zamani, walipowalisha wagomaji bure. Kwa ajili yao mwokaji John Gendusa alitengeneza mkate mrefu wenye upana mmoja mwanzo hadi mwisho, ili kila kipande kiwe sawa na kusiwe na mtu wa kupata ncha. Mkate wa mji ule ni mwepesi, ganda lake linapasuka kama kaki, ndani kama pamba. Kamba wa kukaanga na mchuzi wa nyama vinakaa humo vizuri. Utie nyama za hoagie, utaona unapondeka.

Na kule Portland, Maine, Giovanni Amato alianza mwaka 1902 kuwauzia wafanyakazi wa bandarini sandwichi inayoitwa tu Italian. Mkate wake ni laini kabisa, hauna ganda la kujivunia. Ndani huwekwa hamu (nyama ya paja la nguruwe), jibini laini la Kimarekani, nyanya, kitunguu, pilipili hoho mbichi, matango ya siki, zeituni nyeusi, chumvi na mafuta. Ukali wa matango unafanya kazi ambayo huko Philadelphia hufanywa na nyama, na mboga hukatwa mapande makubwa, hivyo maji yake hayatoki upesi.

Ndiyo maana mwenye boflo laini la dukani asijisumbue na hoagie. Atengeneze ya Portland. Asiyekula nguruwe aweke gramu 100 za bata mzinga au za ng'ombe wa kuokwa, zilizokatwa nyembamba, mahali pa hamu. Matango na zeituni vitabeba ladha. Mafuta yawe kijiko kikubwa kimoja tu, yamwagwe mwisho kabisa, na iliwe pale pale.