Siku moja kwenye cherehani, kumi la mwisho la Ramadhani

Saa kumi alfajiri. Daku yetu ni wali wa jana na samaki wa kupaka. Nakula, nanuia funga, naenda msikitini.

Saa mbili asubuhi. Nafungua kibanda changu Mlandege. Kumi la mwisho ndilo msimu wetu mafundi wa Unguja, kila nyumba inataka kanzu na gauni la Sikukuu. Kabla ya kukanyaga cherehani nashukuru kwa kutaja: macho yanayoona tundu la sindano, mguu usiouma, mteja aliyekwisha fika mlangoni. Mwenyezi Mungu amesema katika Sura Ibrahim, aya ya 7, kwamba tukishukuru atatuzidishia. Nyongeza niliyoiona mimi mara nyingi si pesa. Ni kuona wazi nilichonacho, na ukishakiona unajua cha kutoa.

Saa tano. Wateja wamejaa, na hapa ndipo penye jambo ninalolijali kuliko yote katika kazi hii. Mtu analeta yadi 4, gauni linakula 3 na nusu. Ile nusu ni ya nani? Wapo mafundi wanaoiona ni haki yao. Mimi siafiki. Kitambaa cha mteja ni amana, na huwezi kutoa sadaka mali ya mwenzio. Kwa hiyo ninapopima huuliza kabisa: "Dada, kikibaki nikurudishie, au niwashonee watoto wa Sikukuu?" Wengi hujibu, "Washonee, fundi." Anayetaka chake namkunjia, namtilia mfukoni mwake, na namuombea kheri vilevile. Leo bi mkubwa mmoja kaongeza yadi nzima juu ya masalio. "Chukua, mwanangu. Usiseme imetoka kwangu."

Adhuhuri naswali, nalala kidogo. Kiu ya mchana wa Unguja haihitaji maelezo.

Baada ya alasiri nashona magauni ya watoto ambao nyumbani kwao mwaka huu hapana nguo mpya. Kifua cha lesi, sketi ya satini, mkanda wa rangi ya tatu. Lazima lionekane limekusudiwa, siyo limeungwaungwa. Mtoto asijue kwamba ni masalio. Kila gauni nalitia mfuko na kuushona mara mbili. Sikukuu kwetu ni siku nne, watoto wanapewa pesa na wakubwa, jioni wanakwenda viwanja vya Mnazi Mmoja na Kariakoo, vya hapa hapa Unguja, kupanda bembea. Mtoto asiye na mfuko atatia wapi pesa zake?

Saa kumi na mbili na nusu, magharibi. Kabla ya adhana sahani zinapishana uchochoroni: muhogo wa nazi unatoka kwetu, uji unaingia. Jirani yetu mjane kaleta kaimati chache katika kisahani, na zimewekwa katikati ya mkeka kama chakula cha mgeni. Mtume (S.A.W.) ametuambia tujikinge na Moto japo kwa nusu ya tende. Anayesubiri awe nacho kingi ndipo atoe, namwonea huruma, maana kingi hicho hakina kipimo.

Baada ya tarawehe narudi kibandani. Msimu huu maduka ya Darajani na Mlandege hukesha. Mke wangu amenipigia kunikumbusha zakatul fitri. Pishi moja kwa kila mtu wa nyumbani, hata mtoto mchanga wa jana, takriban kilo 2.5 za mchele, na imfikie mwenye haki kabla ya swala ya Idi. Sisi watano, basi kilo 12 na nusu. Nimemwambia apime mchele uleule tunaoula sisi.

Saa sita usiku. Magauni mawili yamebaki. Lipo pande zuri la kijani lingetosha kifua cha moja, lakini kitambaa kile kililetwa na dereva, mwenyewe sijamuona. Nimelikunja pembeni. Kesho akija kujaribu nguo yake nitamuuliza.